Chumba cha Mluzi

Inspekta aliinama kuingia, lakini hakuinama vya kutosha. Kofia yake iligonga kizingiti cha juu cha mlango ikaangukia gunia la pojo. Hakuna aliyecheka. Ulikuwa mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na watu wa soko la Migwani walikuwa wamejifunza ni mambo gani hayachekeshi.

"Hii chumba ya nini?" aliuliza, akiipangusa kofia kwa kiwiko.

"Ya kazi, bwana," Abdulatif alijibu. "Duka liko mbele. Hapa nafanya majaribio."

"Majaribio ya nini?"

Abdulatif alimtazama mkewe. Hasina alikuwa amesimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni, na hakuwa na nia ya kumsaidia. Kwa maoni yake chumba kile kilikuwa na kazi moja tu: kupangishwa kwa Abdow, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye kila siku ya soko aliuliza kama kimepata nafasi. Badala yake kulikuwa na ubao wenye valvu moja ya kioo, betri mbili, spika isiyo na sanduku, na waya wa shaba ulioshuka kutoka paani ukaning'inia juu ya ngoma ndefu iliyosimama katikati ya sakafu.

"Natafuta sauti," Abdulatif akasema hatimaye.

"Sauti gani?"

"Zile hazijasikika bado, bwana."

Kopla Mbuvi alikohoa. "Huyu hutengeneza redio za watu, bwana. Tulikuwa naye Burma, kikosi cha simu ya upepo. Si mtu mbaya."

Inspekta alieleza shida yake kwa Kiswahili kile cha Wazungu cha kuamrisha wapishi. Majuma matatu sasa, kila siku saa kumi alasiri, kambi ya polisi ikiita Kitui kwa redio, mluzi unaingia. Unapanda, unashuka, unakatika, unarudi. Si hali ya hewa. Ni mtu. Mtu wa soko hili anatuma habari kwa waasi wa msituni, na leo atapatikana.

"Washa," akasema.

Abdulatif aliwasha. Alizungusha kifundo mpaka kwenye alama ya chaki, na spika ikaanza kulia. Alipoukaribia waya kwa kiganja, sauti ilipanda. Alipoondoa mkono, ikashuka. Hakuwa ameugusa waya. Askari wa mlangoni alirudi nyuma akamkanyaga Hasina.

"Ni hii," Inspekta alisema, mkono ukienda kiunoni.

"Hapana, bwana. Inafanana tu. Hii inapokea, haitumi. Valvu moja! Hata ningetaka, haiwezi kuvuka barabara. Mwulize kopla."

Mbuvi aliinama akaukagua ubao, akafuata nyaya kwa kidole kama mtu anayesoma. "Ni kweli, bwana. Chombo cha kutuma ni kikubwa. Burma tulikibeba kwa punda."

"Wallahi," Abdulatif akaongeza, ingawa hakuna aliyemwomba kiapo, "sauti haitoki humu chumbani."

Inspekta aliisukuma ngoma kwa ncha ya kiatu. "Na hii?"

"Ya jirani, mama mmoja, Syombua. Yeye anapiga, mikono yake inapita chini ya waya, na sauti inamfuata. Mimi nazungusha kifundo."

"Kwa nini?"

"Kusikia itakuwaje."

"Nani nalipa wewe?"

"Hakuna, bwana."

Inspekta alicheka, na kwa kuwa yeye amecheka, askari nao wakacheka. Mbuvi pia, kidogo. Abdulatif alitazama chini. Wakitoka, Inspekta alimnyooshea Hasina kidole. "Wewe. Kaptura kumi na mbili. Jumatano."

Hasina alitoa pini mdomoni. "Jumatano, bwana."

Kabla ya swala ya alasiri walikuwa wamemkamata Musembi, mwalimu wa shule, mtoto pekee wa Syombua. Juu ya nyumba yake palikuwa na waya uliofungwa mpaka kwenye mti, na hakuwa na karatasi ya leseni ya redio. Waya ule alifungiwa na Abdulatif.

Syombua alikuja kesho yake asubuhi. Hakukaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa vilima vya Mbooni, na mikono yake ilikuwa mikubwa kama ya mwanamume.

"Mama Tima," alimwambia Hasina, "nimekwenda kambini. Wamenifukuza kama kuku. Nimeona shati lake kwa dirisha. Lina damu hapa." Aligusa ukosi wake.

"Pole, mwaitu," Hasina alisema, akimwita mama kwa lugha yake. "Kaa unywe chai."

"Chai sitaki. Nataka chumba."

Hasina alisimamisha cherehani. Alijua anachotaka: kupiga kilumi. Kilumi ni ngoma ya wanawake wazee. Nyumba ikiingiwa na balaa, wanapiga mpaka maimu, wale waliotangulia, waje waseme kinachowaudhi. Kila mmoja ana mdundo wake na haitiki mwingine. Hasina alikuwa Mwislamu, binti wa watu wa pwani waliohamia Kitui, na mambo hayo hayakumhusu. Lakini ukuta wa chumba kile ulikuwa wa udongo, na cherehani yake ilikuwa upande wa pili.

"Pigia kwako," alisema.

"Kwangu hakuna waya. Waya unafikisha mbali."

"Unafikisha wapi? Baba Tima ameapa kwamba sauti haitoki humo."

"Aliwaapia Wazungu," Syombua akajibu. "Mimi naongea na wengine."

Abdulatif alikuwa ametokea kwenye kaunta, kibaba cha sukari mkononi. "Mwache, Hasina. Ni mtoto wake."

"Wewe nyamaza! Jana tu umesimama pale ukijieleza kama mwizi wa mbuzi. Watu wote wa soko wanajua mume wangu anatafuta sauti. Wananiuliza: alizipoteza wapi?"

"Mama Tima," Syombua alisema polepole, "Alhamisi wanampeleka Kitui. Kutoka Kitui, wanaopelekwa hawarudi. Kama una njia nyingine, niambie, nitaifuata sasa hivi."

Hasina alikanyaga kikanyagio cha cherehani, akakiachilia.

"Leo na kesho basi. Halafu chumba nakifagia, Abdow aweke ngozi zake."

Wakapiga saa kumi, kwa sababu Abdulatif alikuwa amegundua majuma machache nyuma kwamba saa kumi ndiyo sauti huwa tamu. Asubuhi chombo kililia kikavu. Saa kumi kilikuwa kama kimepata mwenzake wa kuimba naye. Aliamini ni joto la mabati.

Jumatano alasiri Hasina alipanda kambini na kaptura kichwani. Kazi ya kambi ndiyo iliyolisha nyumba. Duka lilinunua pojo na kuuza viberiti. Walimfanya asimame juani mpaka Mbuvi alipotoka kumwita. Alipanga kaptura mezani, mbilimbili, na Mbuvi akavaa moja juu ya nyingine kujaribu kiuno.

"Inanibana, Bi Hasina."

"Haikubani. Umenenepa tangu nikupime. Vuta pumzi."

"Na nikikaa?"

"Ukikaa kaa polepole."

Nyuma ya mlango uliokuwa wazi nusu, Inspekta alikuwa akiita Kitui. Sauti yake ya Kizungu ilikwenda, ikanyamaza, na sauti nyingine ikamjibu kutoka mbali. Halafu mluzi ukaingia.

Hasina alikuwa amepiga magoti, chaki mkononi, kwenye upindo wa kaptura ya Mbuvi. Alibaki hivyo hivyo. Mluzi ulipanda mara mbili kwa haraka, ukashuka, ukachechemea, ukapanda tena. Haukuwa na ngoma ndani yake, wala kishindo. Lakini alijua mahali mikono ilipogonga ngozi kama anavyojua mahali sindano inapoingia. Huo ulikuwa mdundo wa Bibi. Syombua alikuwa akimwita bibi yake mzaa mama, ombi la mwisho, la watu walioishiwa.

Inspekta alitoka ameshika daftari. Uso ulikuwa mwekundu. "Nasikia? Nasikia, kopla? Ile mwalimu iko ndani jana, iko ndani leo, na mluzi napiga! Iko wenzake. Natafuta yeye. Kesho saa sita lori nakwenda, na ile mwalimu nasema yote huko Kitui. Taka, hataki, nasema."

Kutoka chumba cha mwisho mtu alikohoa, kikohozi cha maji. Hasina alimaliza kuchora mstari wa chaki. Mstari ulipinda.

"Kuna nini?" Mbuvi aliuliza.

"Hakuna. Vua, nitarekebisha nyumbani."

Hakukimbia, kwa sababu mwanamke anayekimbia kutoka kambini huulizwa. Alitembea, kaptura moja mkononi, mpaka alipoingia dukani kwake. Hapo ndipo alipokimbia. Alisukuma mlango wa chumba na kung'oa waya wa betri. Spika ikanyamaza. Mikono ya Syombua ikabaki hewani.

"Unafika," Hasina alisema. "Unafika mpaka kambini. Nimeusikia kwa masikio yangu."

"Haiwezekani," Abdulatif akasema. "Valvu moja…"

"Mdundo wa Bibi. Mlianza haraka, mkapunguza, halafu ukazungusha kifundo chako na mkapanda. Sema si kweli."

Abdulatif alikaa juu ya gunia. Kisha akaanza kuzungumza, si na wao, bali na sakafu. Burma walikuwa na sajenti aliyewakataza kukizungusha kifundo kile mpaka mwisho. Alisema chombo kikianza kulia, kinalia mpaka hewani, na adui anasikia. Wavulana wote wa kikosi, yeye na Mbuvi, waliamini sajenti anadanganya ili wasimalize betri. Walikuwa wakimwigiza wakati wa kula.

"Na saa kumi," aliendelea. "Utamu wa saa kumi. Si mabati. Walikuwa wanaita Kitui. Tulikuwa tunaimba na redio ya polisi."

Syombua alishusha mikono yake, akaitazama. "Siku mbili namwombea," alisema. "Siku mbili nawapa fimbo ya kumpigia."

Ndivyo ilivyokuwa.

Abdulatif aliuokota waya wa betri. "Tukiacha leo, mluzi utakwisha. Watasahau."

"Watasema wenzake wameogopa," Hasina akajibu. "Umemsikia anavyokohoa? Mimi nimemsikia."

"Nikienda kusema, ni mimi nitapanda lori."

"Ndiyo."

"Nimeapa mbele yao, Hasina. Watasema nilidanganya kwa makusudi. Kutuma bila leseni, wakati huu? Na duka? Na Tima?"

"Najua hesabu zote hizo, nimezipiga njiani," Hasina alisema. Sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka. "Duka nitaliendesha, nimekuwa nikiliendesha. Lakini mimi kukaa na huyu mama hapa soko moja, kumsalimu kila asubuhi, hiyo siwezi. Wewe unaweza?"

Abdulatif alimtazama Syombua. Syombua hakumtazama.

"Siwezi," akasema.

Alhamisi saa tatu asubuhi walikuwa kambini. Inspekta aliwasikiliza akiwa amesimama. Lori lilikuwa tayari uani.

"Jumatatu nasema haitoki," alimwambia Abdulatif. "Leo nasema natoka. Jumatatu mwongo ao leo mwongo?"

"Jumatatu nilikuwa mjinga, bwana."

"Na hii kelele ni ngoma?" Aligonga daftari. Kurasa tatu zilikuwa zimejaa vistari na nukta. Alikuwa amekesha akijaribu kuzisoma. "Hapana. Hii ni maneno. Mtu natuma maneno."

"Ni ngoma," Hasina akasema.

"Wewe najua nini? Wewe Mswahili, nashona nguo."

"Nashona nyuma ya ukuta wao, bwana. Mwaka mzima. Nimeujua bila kutaka."

Askari mmoja aliguna kwa kicheko. Hasina alihisi masikio yakiwaka. Miaka yote aliwaambia wanawake wenzake msikitini kwamba mambo ya chumba kile hayamhusu, na sasa angeyasema mbele ya askari kumi na wawili waliovaa nguo alizowashonea.

"Kuna midundo mitatu," alisema. "Wa Bibi, wa Kimasai, na wa Mvua. Andika kwenye karatasi unavyotaka wewe, usinionyeshe. Kopla awapelekee. Wao wapige kule, mimi nikae hapa kwenye redio yako. Nitakuambia unaopigwa. Kama ni maneno ya siri, nitajuaje?"

Inspekta alifikiri, akiuma penseli. Mwishowe aliandika karatasi mbili zinazofanana, akabaki na moja, akakunja nyingine mara nne. Mbuvi akashuka sokoni na Abdulatif na Syombua, bunduki begani.

Wakampa Hasina kiti, kisha Inspekta akasema asimame, akasimama. Redio ilinguruma. Kitui wakaitwa, wakaombwa waache njia wazi. Dakika zilipita. Kutoka chumba cha mwisho alisikia kile kikohozi, na baadaye hata hicho kikakoma, na ukimya wake ulikuwa mbaya zaidi.

Mluzi ukaja. Ulikuja mwembamba, ukajaa. Ukaruka, ukatua, ukaruka, juu kabisa kila mara.

"Wa Kimasai," Hasina alisema.

"Uhakika?"

"Huu ni wa pepo anayeruka. Mpigaji anainua mikono juu ya kichwa. Hivi." Aliinua yake, leso ikateleza kutoka kichwani. Hakuiokota. Mabega yalikuwa yameanza kufuata kabla hajayakataza, na mbele ya meza ya Inspekta, mbele ya askari waliojazana mlangoni, Hasina mke wa Abdulatif aliruka kilumi hatua nne kamili ili Mzungu aone kwamba mluzi una miguu. Hakuna aliyecheka sasa.

Inspekta alitia alama. "Endelea."

Mluzi ukabadilika. Ulishuka chini sana, ukawa mfupi mfupi, mwingi, kama matone.

"Wa Mvua."

Alama ya pili. Askari walisogea karibu. Kukawa kimya, kisha mluzi ukaanza mara ya tatu, na Hasina akafungua mdomo kusema Bibi, kwa kuwa ndio pekee uliobaki. Akaufunga. Mluzi ulikuwa umefifia, betri zilikuwa zimechoka, na kulikuwa na mkwaruzo mwingi wa Kitui katikati. Haukuwa unachechemea. Alifumba macho. Akili ilisema Bibi, tatu kwa tatu, kila mtu angesema Bibi. Alingoja.

"Sema," Inspekta alisema.

"Ngoja."

"Sema sasa!"

"Umeandika uwongo," Hasina alisema, macho bado yamefungwa. "Umerudia. Huu ni wa Kimasai tena."

Inspekta aliipindua karatasi yake mwenyewe iliyobaki mezani na kuisukuma mbele, ingawa alijua Hasina hasomi Kiingereza. Kisha akazima redio na kuagiza mlango wa mwisho ufunguliwe.

Musembi alitoka akishika ukuta. Jicho moja lilikuwa limefumba, na alikuwa amevimba midomo hata salamu yake haikueleweka. Mama yake, aliyepanda mlima mbele ya Mbuvi, hakupiga kelele. Alimvua shati lenye damu, akamfunika kwa shuka yake, akamgeuza kuelekea barabarani kama anavyogeuzwa mtoto. Alipofika kwa Hasina alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akauachia. Ndivyo walivyoondoka.

Abdulatif alikuja wa mwisho, ubao wake umefungwa kwenye gunia chini ya kwapa la askari. Hapakuwa na maneno mengi. Sheria ni sheria, Inspekta alisema. Hakimu wa Kitui ataamua, labda miezi sita, labda zaidi. Alisema pia, bila kumtazama Hasina, kwamba kaptura nyingine zitashonwa mjini Mwingi.

"Kuna moja kwangu yenye upindo mbaya," Hasina alisema. "Hiyo mtanilipa."

Wakampakia Abdulatif kwenye lori. Alikaa juu ya tairi la akiba, mikono imefungwa mbele, na Hasina akasimama chini. Alikuwa amejiandaa kwa maswali kuhusu duka, funguo, Tima. Alikuwa na majibu yote.

"Ilikuwaje?" Abdulatif aliuliza.

"Nini?"

"Kule kwenye redio. Mimi sijawahi kuisikia kutoka mbali. Ilikuwaje?"

Injini ilikuwa imewashwa. Hasina alimtazama mume wake, mtu mzima mwenye mvi, anayepelekwa jela na anauliza swali kama hilo. Alitaka kumtukana. Alitafuta tusi, akakuta alilonalo ni jibu tu.

"Kwenye Mvua ulichelewa," alisema. "Syombua alikuwa ameshageuka. Kifundo chako kilikuwa bado juu."

Abdulatif aliinamisha kichwa, akafikiri, kama fundi aliyeambiwa mahali mlango unapokwaruza.

"Kweli," alisema. "Nilidhani haitasikika."

"Ilisikika," Hasina akasema, na lori likaondoka.